Gemu la Gitaa na Wimbo wa Mama Mdogo

Mwalimu wangu wa gitaa alikuwa tivii. Nikisema hivi watu wanacheka, wanadhani nafanya maskhara, kisha wananiuliza, "Hebu sema kweli, nani alokufundisha?" Nawaambia tena: tivii. Ile ile iliyoko ukumbini kwangu Malindi, hapa Unguja, yenye mstari mweusi pembeni tangu siku mume wangu alipoigonga na ngazi.

Mume wangu ni fundi umeme, na hawezi kupita sokoni Darajani akaona kitu kilichoharibika asikihurumie. Siku moja alirudi na mashine ya gemu iliyokwishatumiwa na Mungu anajua nani. Ilikuwa ndani ya mfuko pamoja na diski kadhaa na waya mmoja mrefu usioeleweka. Yeye alikuwa anataka mpira tu. Akaipuliza vumbi, akaiunga, ikawaka. Furaha yake nyie! Mtu mzima na ndevu zake alikaa chini kwenye mkeka, akawa anagombana na refa asiyemsikia. Diski moja tu hakuitaka, ile yenye picha ya gitaa. "Hii ya wendawazimu," alisema. "Unachomeka gitaa la kweli kwa waya huu, ati inakufundisha." Akaitupia kwenye kabati la vikombe, nami nikaisahau mpaka ilipokuja habari ya harusi ya mdogo wangu.

Hapo inabidi nieleze ya mama na mama mdogo, maana bila ya hayo mtaniona mwendawazimu ni mimi.

Mama yangu na mdogo wake walikuwa hawasemezani. Si wiki, si mwezi, miaka. Na kilichowagombanisha ni wimbo. Mama mdogo alikuwa mwimbaji wa kikundi cha taarab cha wanawake, kile kinachopiga kwenye shughuli za wanawake watupu, ambako hata mwenye nyumba akisahau kofia yake ndani basi siku hiyo atatembea kichwa wazi. Kwenye harusi ya watu wengine kabisa aliimba wimbo wa mwanamke anayeonja pilau ya kila jirani, yake akaila peke yake kafunga mlango. Bahati mbaya, wiki ile ile mama alikuwa kafanya shughuli ndogo ya posa yangu nyumbani bila ya kualika mtaa. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mama akanyanyuka, akavaa buibui lake mbele za watu, akatoka.

Mama mdogo akasema yeye kaimba alichopewa kuimba, na wimbo ulitungwa kabla ya hiyo pilau kuiva. Mama akasema ndiyo tabia ya wapiga vijembe wote, wakishakuchoma wanajifanya hawakushika sindano. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Msibani wanakaa vyumba mbali mbali. Sikukuu, mimi ndiye nnayepeleka sahani huku na kurudisha sahani kule, na kila upande unaipindua sahani kutazama kilichomo, unaonja, unasema chumvi imezidi, na unaimaliza. Nawapenda wote wawili, na wote wawili walikuwa wamenichosha.

Mdogo wangu alipoposwa, mama mdogo aliniita kwake Kikwajuni. Alikuwa ameacha kuimba kwa sababu ya kifua. Akipanda ngazi utasikia anavyovuta pumzi ukiwa bado mlangoni. Akanikalisha, akanipa chai, akasema, "Huyo biharusi naye ni mwanangu. Ntamwimbia. Wimbo mmoja tu, nimeutunga mwenyewe."

"Wimbo wa nini, mama mdogo?" Nilishaanza kuogopa.

"Wa kumsifu ndugu. Usinitolee macho, hauna pilau ndani."

Akachezea kijiko. Kisha akasema, polepole, hivi: "Mama yako akija kunitunza, yamekwisha. Asipokuja, basi nami nshajua, sitomsumbua tena. Na wewe usimwambie. Akija, aje kwa miguu yake."

Kwa asiyejua, kwetu mwimbaji wa taarab hutunzwa wakati ule ule anaimba. Neno likikugusa unanyanyuka na noti mkononi, unakwenda kwa madaha, unacheza kidogo njiani, unampa, unarudi kukaa. Pesa si kitu hapo. Unasema mbele ya watu kwamba neno hili nimelikubali, na kila mtu kakuona umelikubali. Mama tangu siku ile ya pilau hajamtunza mwimbaji yeyote, hata wa redioni, lau ingewezekana, asingemtunza.

Tatizo lilikuwa gitaa. Mpiga dumbaki wao, ile ngoma ya mkono, yupo, mpiga kinanda yupo, lakini mpiga gitaa aliolewa Maskati na hana habari ya kurudi. Mwanamme haingii mle. Na mama mdogo hataki kuimba kwa kinanda peke yake, anasema hiki kinanda kipya kinalia kama paka aliyebanwa na mlango. "Gitaa lenyewe lipo," alisema, akalivuta uvunguni mwa kitanda, limefungwa kwenye kanga kuukuu. "Mikono ndo hakuna."

Sijui shetani gani alinipitia. "Mie ntajifunza," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa tivii."

Akanitazama usoni. "Mwanangu, umekula leo?"

Nililibeba gitaa lile mpaka Malindi nimelikumbatia, na kila niliyepishana naye kichochoroni alikuwa na la kusema. Mume wangu akalifungua, akaunga waya uliokatika ndani, akalichomeka kwenye mashine, na ndipo diski ya wendawazimu ikatoka kabatini.

Sasa gemu lenyewe. Unaona njia pana inakuja kwako, na juu ya njia vinashuka vipande vya rangi. Kila rangi ni uzi mmoja wa gitaa: nyekundu wa juu, manjano unaofuata, na kuendelea. Kipande kikifika mbele yako, sharti uwe umeshika mahali pake na umepiga. Ukipatia, kinalipuka kwa nuru. Ukikosa, kinapita zake na gemu linakukata alama. Ukitaka kujikuna, kimepita. Mtu akigonga hodi, kimepita. Nilikuwa nalitukana lile gemu matusi ambayo sikujua kama nayajua, nikimaliza nasema astaghfirullah, naanza upya.

Na vidole! Wiki za mwanzo ncha za vidole zilichubuka, nikawa nikikamua ndimu naruka mwenyewe jikoni. Kukuna nazi nikamwachia mume wangu, naye akawa anakuna kwa hasira, maana muda ule ndio muda wake wa mpira. "Leo zamu yangu," ananiambia. "Ya kukuna?" namuuliza. Nyimbo za gemu zote ni za vijana wa Kizungu wanaopiga kelele kama wamemwagikiwa na uji, na nyumba zetu za Mji Mkongwe zimeegemeana. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro alifungua dirisha akaniita. Nikaitika, "Naam!" Akasema, "Nnauliza tu, bibie. Kuna mtu kaungua?"

Lakini nakwambieni kweli, nililipenda. Kila nikipatia, lile gemu linaniandikia kwa herufi za dhahabu kwamba mimi ni hodari, mimi ni nyota, mimi sijui nini. Hakuna binadamu aliyewahi kunisifu vile, hata siku ya harusi yangu. Nikawa nakwenda kazini, hapo hotelini Shangani ninapopokea wageni, natabasamu peke yangu. Mgeni anaulizia ufunguo, mimi vidole vinakamata nyuzi chini ya meza.

Gemu halikuwa na taarab hata moja, hilo nililitaraji. Lakini vidole vilishajua kukamata, na mkono wa kulia ulishajua kwenda bila ya kusukumwa. Mama mdogo akaniimbia wimbo wake, nikautafuta sauti moja moja, yeye anasema "siyo, siyo, siyo, hiyo hapo!" mpaka tukaupata wote. Nikaushika vile vile nilivyoshika nyimbo za gemu, toka kipande cha mwanzo mpaka cha mwisho, umenyooka barabara. Tukawa tunaufanyia mazoezi chumbani kwake, mimi na yeye tu. Hata wale wa dumbaki na kinanda walikuja mara moja tu, wakasema sawa, wakaondoka.

Kitu kimoja kikimkera. "Niangalie mimi," alikuwa akiniambia. "Kwani huko ukutani kuna nani?" Kulikuwa hakuna mtu. Macho yangu yalikuwa yamezoea kutazama tivii, basi tivii ikikosekana yanautazama ukuta, yanavisubiri vile vipande vya rangi.

Mama naye habari zilimfikia. Nilimkuta barazani anachagua mchele. Akaniambia bila ya kunyanyua kichwa, "Nasikia siku hizi unapiga zeze."

"Gitaa, mama."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ya biharusi."

Mchele ukachaguliwa hapo kwa muda. "Na yeye anakuja?"

"Anakuja. Anaimba wimbo mmoja, kautunga mwenyewe."

Nilimsubiri aseme la pilau. Mdomo ulikuwa unaniwasha kumwambia yale niliyokatazwa. Mama akatupa kijiwe alichokiokota kwenye mchele, akauliza, "Kifua chake vipi?" Nikamwambia kinambana akipanda ngazi. Akaniambia nikaangalie kama maji yamechemka.

Shughuli ilifanyika ukumbini Chukwani, baada ya sala ya alasiri. Biharusi kapambwa kakaa juu kwenye kiti chake, hina imemkolea mpaka viwikoni, udi umejaa mle mpaka macho yanawasha. Mabuibui yote yametundikwa kando, na walivyovaa chini yake, loh, acha tu. Mama, kama mama wa biharusi, kakaa karibu na mlango kupokea watu. Jukwaa letu liko mwisho kabisa wa upande wa pili. Baina yake na sisi ulikuwa ukumbi mzima, na kwa magoti yake, mama kwenda chooni tu anataka kushikwa.

Mama mdogo aliingia kashikana na mpiga dumbaki. Alipita mlangoni. Mama akasema "karibu" kama anavyowaambia wageni wote, na mama mdogo akasema "ahsante" kama wageni wote.

Tukaanza. Wallahi nilianza vizuri. Gitaa likatoa sauti safi, dumbaki likanifuata, na mama mdogo alipofungua kinywa, ile sauti ambayo watu walidhani imekwisha ikatoka, nyembamba kuliko zamani lakini ile ile. Vigelegele! Nilisikia kishindo cha viti. Mimi macho yangu yako wapi? Kwenye pazia la ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya watu wote. Naviona vipande vya rangi vinashuka. Manjano, buluu, nyekundu. Hakuna hata kimoja kinachonipita.

Mama mdogo akaurudia mstari. Mimi nikaenda mbele. Akaurudia tena, akaunyoosha, nikamsikia anahema na kunifukuzia, mimi nikadhani kifua kinambana, nikasema moyoni, masikini, tumalize haraka apumzike. Dumbaki linanifuata mimi, kinanda kinafuata dumbaki, tukaupeleka wimbo ule mbio kama gari isiyo na breki. Nikafika kipande cha mwisho, nikapiga ile sauti ya kumalizia kwa mkono mzima, kwa mbwembwe, nikanyanyua uso nikitabasamu.

Nikangojea vigelegele.

Katikati ya ukumbi palikuwa na msururu wa wanawake wamesimama, noti mkononi. Wengine mguu mmoja bado uko juu. Jamani, mimi niliyezaliwa Unguja hii, niliyetunza waimbaji toka nikiwa nashikwa mkono na mama, sikukumbuka kwamba wimbo wa taarab hauishi watu wakiwa njiani! Mwimbaji anaurudia ubeti, wapigaji wanamngojea, hata ukirudiwa mara ngapi, mpaka wa mwisho afike. Kila mtu anajua, ndiyo maana mama mdogo hakuniambia. Chumbani kwake Kikwajuni hakuwepo wa kututunza. Na gemu halimngoji mtu.

"Ndo ushakwisha?" mwanamke mmoja akauliza.

Mama mdogo akageuka kunitazama, jasho linamtiririka. "Mwanangu," akasema, na maikrofoni iko mdomoni pake, "nani anokukimbiza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wale wa kwenye msururu wakaanza kurudi vitini wanajipepea kwa noti zao. Na walipoondoka ndipo nikamwona aliyekuwa nyuma yao.

Mama alikuwa kasimama peke yake katikati ya sakafu. Kanyanyuka mwenyewe, kaja nusu ya ukumbi bila ya kushikwa na mtu, noti kaikunja mkononi. Yeye hakucheka. Kumtunza mtu asiyeimba hakuna, na kurudi alikotoka mbele ya macho yale, bora afe. Nilimwona anautazama mlango. Nikamwona mama mdogo naye kamwona, na maikrofoni ikamshuka mpaka kifuani. Hakuna aliyekuwa anajua pale isipokuwa mimi na yeye. Nilitamani nilivunje lile gitaa, na tivii, na mashine, na mume wangu nimpasue kichwa kwa kwenda Darajani.

Mama akaanza kugeuka.

Nikapiga. Sikuwa na hesabu yoyote, nilipiga ile sauti ya mwanzo wa ubeti wa mwisho, tena kwa kuikosea, uzi ukalia kama bati. Nikapiga tena. Mpiga dumbaki akanitazama kama nimepandwa na shetani, nikamwambia, "Nifuate!" Akanifuata. Mama akasimama, bega moja limeelekea mlangoni.

Safari hii sikuutazama ukuta. Niliyatazama makubadhi ya mama. Akinyanyua mguu, nakwenda. Akisimama kupumzisha goti, mimi niko pale pale, nazunguka kwenye sauti ile ile, ile ile, ile ile. Mama mdogo akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaingia na ubeti. Akaumaliza, mama bado. Akaurudia. Watu wakaelewa, ingawa hawakuwa wakijua wanaelewa nini, maana ukumbi wote ulinyamaza na hakuna aliyenyanyuka tena. Hata biharusi juu ya kiti chake alisahau kuinamisha macho. Mguu mmoja. Goti. Mguu wa pili. Nilikuwa nalia na pua inanitiririka na sina mkono wa kujifutia.

Mama akafika. Akanyoosha ile noti iliyokunjika mpaka ikawa tambara, akaitia kwenye kiganja cha mdogo wake. Mama mdogo akakifumba kiganja juu ya noti na juu ya vidole vya mama, asiviachie, na sauti ikamkatika hapo hapo katikati ya neno.

"Imba," mama akasema, na maikrofoni ikamchukua, watu wote wakasikia. "Sikuja mbali kote huku kuja kukutazama unalia."

Mama mdogo hakuweza. Anafungua kinywa, hakitoki kitu. Mimi nikawa nazunguka pale pale, sijui niende wapi, nikamwangalia mama. Mama akawageukia watu, mkono mmoja bado umeshikwa.

"Nleteeni kiti," akasema. "Mie sirudi tena kule."

Wakamletea, akakaa ubavuni pa mdogo wake, na mama mdogo akauanza ubeti upya.